Nilimwambia pole mtu asiyekuwepo

Sindano iligusa ngozi, ngozi ikabonyea kidogo, ikakataa. Nikasukuma. Ikakataa tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Kisha ule ukaidi ukakatika ghafla na mkono wangu ukazama.

"Pole," nikasema.

Hapakuwa na mtu.

Kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na mkono mdogo wa chuma wenye viungo, na ncha yake nilikuwa nimeishika kama ninavyoshika kalamu. Machoni nilivaa miwani ya uhalisia pepe iliyonionyesha mkono wa mgonjwa, kuanzia kiwiko hadi vidole, umelala kiganja juu. Dada yangu anafundisha uuguzi, na alikuwa ameniita nijaribu kifaa ambacho wanafunzi wake hufanyia mazoezi ya kutafuta mshipa. Alisimama nyuma yangu akaisikia ile pole. Hakucheka. Alisema tu, "Umeona, eeh?" kisha akaenda kuwafungulia mlango wanafunzi waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Wiki tatu sasa neno hilo halijanitoka kichwani.

Nimekuwa nikivaa miwani ya aina hiyo kwa miaka kadhaa. Nimepigana kwa panga, nimerusha mawe, nimebomoa kuta, na kila mara kidhibiti kilinitetemekea kiganjani kunijulisha kwamba nimepiga. Sikuwahi kumwomba radhi yeyote. Sasa kipande cha chuma kinanisukuma kidole kwa nguvu ambayo mtoto mchanga angeishinda, na mdomo unasema pole kabla sijafikiri.

Nilitaka kujua chuma kile kilikuwa na nini.

Kutetemeka na kuzuiwa

Nilianza na kilicho karibu. Ndani ya kidhibiti cha mchezo kwa kawaida mna mota ndogo yenye kipande cha uzito kilichokaa upande; mota ikizunguka, kidhibiti kizima kinatikisika. Simu nyingi hutumia ndugu wa mota hiyo. Tumezoea kuita jambo hilo mguso, na mimi nililiita hivyo bila kujiuliza.

Ngozi ya kiganja ina aina 4 kuu za vipokezi vya mguso. Vipo vinavyosikia mgandamizo unaokaa, vipo vinavyosikia ngozi ikivutwa, vipo vinavyoshtuka kitu kinapoanza kuponyoka. Aina moja iliyozama ndani zaidi husikia mitetemo, na husikia vizuri zaidi ile ya mara 250 hivi kwa sekunde. Mota ya kidhibiti huongea hasa na hiyo aina ya mwisho. Ni kama mtu anayebisha hodi dirisha lile lile moja kila siku, kisha akasema ameitembelea nyumba.

Na ngozi yenyewe ni sehemu tu ya habari. Sehemu nyingine iko kwenye misuli, kano na viungo, vinavyojua kifundo cha mkono kiko wapi na kimesimamishwa na nini. Sindano ile haikutetemeka hata kidogo. Ilinizuia.

Niliposoma zaidi nikakutana na kazi ya wanasaikolojia Susan Lederman na Roberta Klatzky ya mwaka 1987. Waliwafunga watu macho, wakawapa vitu, wakaangalia mikono inafanya nini. Mikono haikupapasa ovyo. Mtu akitaka kujua kama kitu ni laini au kina mikwaruzo, kidole huteleza juu yake kwenda na kurudi. Akitaka kujua ugumu, hubonyeza. Akitaka joto, hutulia tu. Akitaka uzito, hunyanyua. Kila swali lina mwendo wake, na mkono unaujua mwendo huo bila kufundishwa darasani.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima nikiitazama mikono yangu. Nilipokuwa nikifungua mlango, nikikunja nguo, nikipima kama betri ya tochi imekaza mahali pake, mikono ilikuwa inauliza. Na kila jibu lilikuja kwa njia moja: kitu kilikubali kusogea, au hakikukubali.

Mtetemo haujibu swali lolote kati ya hayo. Hutoa tangazo.

Ukuta wa hewa

Sasa, kuzuiwa na kitu kisichokuwepo ni kazi ngumu, na ugumu wenyewe haukuwa pale nilipoutarajia. Nilidhani ni suala la nguvu za mota. Kumbe ni suala la wakati.

Fikiria ukuta wa kompyuta. Kompyuta haijui ukuta, inajua namba. Inapima mkono wako uko wapi, inaangalia kama umevuka mstari, na kama umevuka inahesabu umevuka kwa kiasi gani, kisha inaamuru mota ikurudishe kwa nguvu inayolingana na kiasi hicho, kama springi. Halafu inapima tena. Kati ya kipimo na kipimo, kompyuta haikuoni.

Kwa macho, picha 60 kwa sekunde zinatosha kuiona filamu ikienda bila kukatika. Lakini mkono unaokwenda sentimita 50 kwa sekunde, ukipimwa mara 60 kwa sekunde, unasafiri zaidi ya milimita 8 kati ya kipimo kimoja na kingine. Utakuwa umeshazama ndani ya ukuta ndipo ukuta uamke. Na ukianza kutoka, mota bado inakusukuma kwa nguvu ya hesabu iliyopitwa na wakati, yaani inakurudishia nguvu nyingi kuliko ulizoipa. Unarudi, inakurusha, unarudi. Ukuta unaanza kunguruma na kutikisika kama kitu kilicho hai. Ukuta wa kweli haujawahi kumpa mtu nguvu ambayo yeye hakuileta.

Ndiyo maana vifaa hivi huhesabu nguvu mara 1,000 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo ule ule, mkono unasafiri nusu milimita tu kabla ya kuonekana tena. Hata hapo ukiongeza ugumu wa ukuta kupita kiasi, mngurumo hurudi. Ukuta wa kompyuta hauwezi kuwa mgumu kama jiwe. Kila fundi anayeutengeneza huchagua ulaini atakaouvumilia.

Historia yake imenigusa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ilianzia kwenye hatari. Raymond Goertz, katika maabara ya Argonne nchini Marekani, alitengeneza mikono ya mbali ya kushikia vitu vyenye mionzi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtu alikaa upande mmoja wa ukuta mnene, akashika vishikio. Upande wa pili mikono ya chuma ikaiga kila alichofanya. Kwa sababu pande zote mbili ziliunganishwa moja kwa moja, uzito wa kitu cha upande wa pili ulirudi hadi kiganjani mwake. Kufikia mwaka 1954 alikuwa na mikono iliyounganishwa kwa umeme, mota zikirudisha ule uzito. Mwaka 1967 Frederick Brooks na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina wakaanza mradi uliouliza swali la kuthubutu: je, itakuwaje upande wa pili kukiwa hakuna chuma wala mionzi, bali hesabu tupu? Kompyuta za wakati huo hazikuweza. Walisubiri zaidi ya miaka kumi zipate kasi, na kufikia mwaka 1990 wanakemia waliweza kushika molekuli ya dawa kwa mkono wa mashine na kuisikia ikivutwa na kusukumwa walipokuwa wakitafuta mahali pa kuikalisha.

Miaka michache baadaye Thomas Massie na Kenneth Salisbury, huko MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, walikileta kitu hicho kwenye meza ya kawaida: kimkono chepesi ambacho mwisho wake mtu alitia kidole kama anavyotia kwenye kastabini ya fundi cherehani. Waliandika juu yake mwaka 1994. Kifaa cha dada yangu ni mjukuu wa kile.

Uamuzi wao ndio ninaouheshimu zaidi. Hawakujaribu kuuvika mkono mzima. Walichukua nukta moja, ncha ya kidole, wakaitendea haki.

Lakini dunia ya nukta moja ni dunia ya fimbo. Ukishika chungu kwa vidole vyote unakijua papo hapo. Ukikipapasa kwa ncha ya kijiti, unalazimika kukizunguka na kuunganisha vipande kichwani. Sindano, kwa bahati, nayo ni nukta moja. Labda ndiyo sababu ilinidanganya kikamilifu hivyo: mkono unaoshika sindano ya kweli nao haumjui mgonjwa ila kwa ncha.

Mahali pa kuegemea

Wiki ya pili nilidhani nimeshapata jibu. Nilijiambia kwamba wakiongeza nukta, kidole kwa kidole, na kuweka mota na vifuko vya hewa kila mahali, siku moja mkono mzima utaamini. Na kazi hiyo inafanyika. Mwaka 2021 Meta, kampuni yenye Facebook, ilionyesha glavu ya majaribio yenye vifuko vidogo vinavyojazwa hewa na kuibonyeza ngozi. Ziko glavu zenye nyaya nyuma ya vidole zinazovizuia visijikunje, ili ukishika kikombe kisichokuwepo vidole vikomee kwenye ukingo wake. Kuna hata vifaa vinavyotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kukusukuma kiganja hewani bila kuvaa chochote, ingawa msukumo wake ni hafifu kama pumzi.

Kisha usiku mmoja, nimelala, nikakumbuka meza.

Vaa glavu bora kuliko zote. Shika kikombe: sawa, vidole vinakomea. Sasa kiweke kikombe hicho juu ya meza isiyokuwepo, kisha uiegemee meza. Mkono wako utapita katikati ya mbao hadi uanguke. Glavu inaweza kuzuia kidole kisikikaribie kiganja kwa sababu imefungwa kwenye kiganja. Haiwezi kuuzuia mkono wote usishuke, kwa sababu haikufungwa kwenye kitu chochote cha dunia hii. Inakuvuta wewe dhidi yako mwenyewe.

Nguvu lazima iwe na mahali pa kuegemea. Kile kimkono cha chuma kiliniweza kwa kuwa kitako chake kilikalia meza, na meza ilikalia sakafu, na sakafu ilikalia ardhi. Niliposukuma ngozi ya mgonjwa asiyekuwepo, aliyekuwa akinirudisha alikuwa ardhi.

Niliamka nikaandika sentensi hiyo gizani ili nisiisahau.

Mwaka 1965 Ivan Sutherland aliwaza chumba ambamo kompyuta ingetawala uwepo wenyewe wa vitu, hata kiti kikionyeshwa humo kiweze kukaliwa. Watu wengi wa fani hii wanakijua chumba hicho. Mimi sasa nikikifikiria naona kwamba aliuliza jambo zito kuliko picha: nani atabeba uzito wa huyo aliyekaa?

Madaktari wa upasuaji

Hapo ndipo shaka iliponijia kutoka upande nisioutazamia.

Dada yangu, nilipomweleza hayo kwa simu kwa furaha ya mtu aliyegundua, alininyamazia kidogo. Kisha akaniuliza kama najua madaktari wanaopasua kwa roboti. Nilijua kijuujuu. Roboti ya da Vinci iliruhusiwa kwa upasuaji Marekani mwaka 2000, na kwa zaidi ya miaka 20 daktari aliyeitumia alifanya kazi bila kurudishiwa nguvu mikononi. Toleo lililoweza kupima nguvu kwenye ncha za vyombo na kumrudishia daktari liliruhusiwa mwaka 2024. Katika muda wote huo wa kati walishona mishipa, walifunga mafundo ya nyuzi nyembamba ajabu, wakaokoa watu.

"Sasa hao waligusa kwa kitu gani?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Walitazama. Walijifunza kuona uzi unavyokaza kabla haujakatika, tishu inavyopauka ikivutwa sana, namna inavyokunjamana kando ya chombo. Jicho likajifunza kazi ya mkono.

Na kuna ushahidi mwingine unaouma zaidi kwa mtu aliyetaka kuutetea mguso kama mimi. Gabriel Robles-De-La-Torre na Vincent Hayward walionyesha mwaka 2001 kwamba ukibadilisha nguvu ya pembeni inayokutana na kidole kinachoteleza, mtu atasikia kilima hata pale kidole chake kinaposhuka bondeni. Umbo halisi linasema shimo. Nguvu inasema tuta. Mtu anasikia tuta. Kabla yao, Margaret Minsky alikuwa amekwisha kuwafanya watu wasikie mikwaruzo na vijituta kwa kuwavuta mkono pembeni tu, bila kuwanyanyua hata kidogo.

Kwa hiyo mguso nao unahadaika, na jicho nalo linaweza kusikia. Mpaka niliouchora kati yao ulikuwa umefutika. Kwa siku nne hivi niliiacha makala hii, nikaamini kwamba ile pole ilikuwa mazoea tu ya mdomo.

Kusikia

Kilichonirudisha ni lugha.

Tunasema nasikia baridi. Nasikia njaa, nasikia maumivu, nasikia harufu. Tumekusanya karibu kila kitu kinachotufikia tukakipa kitenzi cha sikio. Lakini kuona tumekuacha peke yake. Siwezi kusema nasikia mlima ule pale.

Nadhani wahenga wetu waliona jambo. Mlima nauona, nao haunioni. Naweza kuutazama siku nzima usibadilike. Sauti, baridi na uchungu huniingia. Sina mlango wa kuufunga. Na kati ya vyote hivyo mguso una kitu cha ziada, ambacho kimo katika kiambishi kidogo cha -ana. Kushika ni jambo langu. Kushikana ni letu. Hakuna njia ya kugusa kitu bila kitu hicho kukugusa wewe, kwa nguvu ile ile, wakati ule ule. Kila kugusa ni kugusana.

Madaktari wale waliona tishu ikikaza, wakajua. Sina shaka na ujuzi wao. Ila walichokipata kilikuwa habari kuhusu upande wa pili. Mimi, na kile chuma changu cha kitoto, niliposukuma nilisukumwa, na nilipotoboa, ule msukumo uliotoweka ulitoweka kutoka kwangu. Kitu kilikuwa kimesimama mbele yangu kikipinga, na mimi nikakishinda. Mdomo ulisema kile ambacho mdomo husema ukimshinda mtu aliye dhaifu kuliko wewe.

Hivyo ndivyo ninavyoamini leo, na ninajua kwamba haijathibitika.

Nilirudi

Jumamosi iliyopita nilimwomba dada aniruhusu tena. Nilitaka vitu viwili: nichome bila picha, kisha nichome bila nguvu.

Bila picha, macho nikiwa nimeyafumba, ukaidi ulikuja, ukaongezeka, ukakatika. Midomo ilifunguka, lakini nilisita. Sikuwa na hakika nimetoboa nini. Ingeweza kuwa ngozi, ingeweza kuwa kitambaa kilichokazwa kwenye fremu.

Bila nguvu, mota zimezimwa, picha ikiwa vile vile na mshipa ukionekana wa buluu chini ya ngozi, sindano iliingia kwenye mkono wa mgonjwa, ikapita nyama, ikapita mfupa, ikatokea chini. Nilikuwa nikitazama. Sikusema kitu. Niliona aibu kidogo kwa jinsi nilivyokuwa mtulivu.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, amekunja mikono.

"Mkono wako wa kushoto ulikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikautazama. Ulikuwa juu ya goti langu. Ulikuwa hapo mara zote mbili, na nadhani hata siku ile ya kwanza.

"Wote huuweka hapo," akasema. "Mashine haiujui. Halafu wakifika wodini, wiki ya kwanza, mkono wa kulia unajua kila kitu na wa kushoto haujui uende wapi. Na wa kushoto ndio unaomshika mgonjwa."

Alivuta kiti chake hadi mezani, akausogeza kando ule mkono wa chuma, akakunja shati hadi juu ya kiwiko na kuulaza mkono wake kiganja juu, mahali pale pale palipokuwa na ule wa picha. Akanielekeza: kidole gumba chini kidogo ya pale utakapochoma, uivute ngozi taratibu kuelekea kwako, ili mshipa usikimbie.

Nikaweka kidole. Ngozi ilikuwa na joto. Nikaivuta, ikaja, ikafika mwisho wa kuja kwake, na chini yake nikaukuta mshipa, laini, unaorudi juu kila nilipoulegezea.

Sikuwa nimeshika sindano. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mtupu, na yeye alikuwa akiuona. Hata hivyo chini ya kidole gumba changu msuli wake ulikaza, kwa nukta moja hivi, kisha ukalegea.

"Umesikia?" akaniuliza.